Kigololi cha Hewa

Skuli ninayosomesha iko Mpendae. Kila mwaka tukifika mada ya upumuaji, naanza kwa mchezo: nawaambia wanafunzi wabane pumzi. Wanatoa macho, wanavimbisha mashavu, kisha mmoja mmoja wanaachia na kucheka. Nawauliza nani aliyewalazimisha kuachia. Wote hujibu kwamba hewa safi imewaishia. Siyo, nawaambia, oksijeni bado mnayo ya kutosha. Kilichowashinda ni ile hewa chafu, hewa ya ukaa, iliyojaa kwenye damu mpaka ubongo ukakataa kustahamili. Nyuma ya kichwa, shingo inapoanzia, pana sehemu ndogo ya ubongo isiyolala. Inaionja damu mchana na usiku, na hewa ya ukaa ikizidi, inakiamrisha kifua. Mbuzi anayo, paka anayo, na wewe uliyekaa nyuma unayo, ndiyo maana unasinzia hapo na bado u hai.

Zamani nikilipenda somo hili. Siku hizi nalisomesha kwa sababu limo kwenye mtaala, basi.

Mama'angu na dada yake walipika mikate ya mofa tangu usichana wao. Jiko lao lilikuwa chumba kifupi cha uani, tanuri la udongo pembeni, na moshi wa kuni na makumbi ya nazi haukuwa na pa kutokea ila kupitia puani mwao. Mji mzima uliisifu ile mikate. Mapafu yao hakuna aliyeyauliza. Mama mkubwa alistaafu mapema, magoti yakimsumbua. Mama aliendelea mpaka akawa hawezi kupanda ngazi za fleti yetu ya Michenzani bila ya kukaa njiani, halafu hakuweza kuzipanda kabisa, akawa mtu wa kitandani.

Hospitali walimpa mtungi wa oksijeni wa kutumia nyumbani. Juu yake pana kioo kama kijibomba, ndani mna kigololi. Ukifungua koki, hewa inatoka na kigololi kinapanda. Daktari alituweka kitako, mimi na mama mkubwa, akatuambia kigololi kisivuke alama ya kwanza.

"Hewa chafu imemkaa miaka," alisema. "Ubongo wake umeizoea, haushtuki nayo tena. Kinachomwamsha kifua sasa ni ile njaa ndogo ya hewa safi. Mkimshibisha, atasahau kupumua."

Mie nilifahamu pale pale, maana ndiyo kazi yangu. Mama mkubwa alimsikiliza kama mtu anayetajiwa bei ya samaki asiyekusudia kumnunua. Njiani aliniuliza tangu lini mtu akafa kwa kushiba hewa. Nilimweleza, nikamrudia, nikabandika plasta kwenye kioo ili alama ionekane vizuri. Akasema haya, sawa.

Lakini kwetu mgonjwa hapimiwi. Wageni wanaokuja kumtazama huja na uji, na madafu, na supu ya kuku, na kila mmoja humbembeleza anywe funda moja zaidi. Nyumba inayompimia mgonjwa inasemwa mpaka ukoo wa tatu. Na mama mkubwa ni mtu ambaye chakula kikibaki kwenye sinia anafurahi, kikimalizika anaona haya. Kile kigololi kilichojikunyata chini kilimuudhi kila alipokitazama.

Siku moja nilikuwa skuli. Walikuja wageni, wanawake wa mtaa wa zamani. Mama alikuwa akihema, midomo imemgeuka rangi, mishipa ya shingo imesimama. Bibi mmoja akauliza kwa nini kile kidude kiko chini hivyo, au mtungi umekwisha? Mama mkubwa alitahayari mbele za watu. Akainuka, akaishika koki, akaizungusha mpaka kigololi kikagonga juu. Haya kanieleza mwenyewe, tena kwa fahari.

"Mgonjwa haulizwi uji," aliwaambia. "Hewa ya Mungu hiyo, tumpimie?"

Nilirudi alasiri. Nyumba kimya, wageni wanazungumza kwa kunong'ona, mama mkubwa yuko kitako kitandani anampepea dada yake kwa kipepeo cha ukili. Mama kalala. Mashavu yamepata wekundu, shingo imelegea, uso umetulia kuliko nilivyowahi kuuona mwaka mzima. Mama mkubwa akaniashiria ninyamaze. Leo kapata usingizi, akasema, mwache.

Nikakitazama kigololi. Nikateremsha koki kwenye alama, nikamtikisa mama, nikamwita. Hakufumbua macho. Pumzi ilikuja moja, kisha kimya, kimya kirefu, kisha nyingine. Nilipiga ukelele nisioujua kuwa ninao. Majirani wakamteremsha ngazi juu ya kiti, mimi nikiita mama, mama, na mkono wake ukipapatika. Hospitali walimpigania. Kabla ya magharibi alikuwa keshakufa.

Nilimchukia mama mkubwa. Silitafutii neno jengine. Siku ya hitima wanawake walimzunguka wakamuuliza mwisho ulikuwaje, naye akawajibu kuwa alilala kama mtoto mchanga, hakuhangaika, na kwamba ni yeye aliyemfungulia hewa kwa mkono wake huu. Wakamwombea Mungu amlipe. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la kahawa, na maneno yote yako kwenye ulimi, ya ukaa na ya ubongo na ya koki. Akaunyanyua ule mkono kuwaonyesha. Umejaa makovu ya tanuri, sawasawa na wa mama. Nikaiweka kahawa, nikaenda jikoni, nikaziba mdomo kwa kanga nikalia.

Sikumwambia siku ile, na baadaye siku ya kumwambia haikupatikana.

Sasa yuko kwangu, maana hana mtoto. Ule moshi haukumsahau, ulimsubiri tu. Analala chumba kile kile, na mtungi uko pembeni, na daktari katoa amri ile ile. Akihema sana hunitazama kwa jicho la mtu anayenyimwa, nami naona anavyoteseka, na koki iko karibu na mkono wangu. Wiki iliyopita alinishika nguo.

"Nifungulie, mwanangu," alisema. "Nifungulie kama nilivyomfungulia mama'ako. Usinibanie."

"Naam, mama mkubwa," nilimjibu.

Nikaizungusha koki kidogo mbele, nikairudisha pale pale. Akashukuru kwa muda. Kisha akakitazama kigololi, akafahamu, akanigeuzia mgongo.

Wageni wakija anawaambia kuwa namwosha vizuri na chakula nampa, lakini hewa namfanyia ubahili, sikurithi moyo wake. Wananitazama. Nami nawatilia kahawa.