Saa Mbili Angani, Shangazi Kaburini

Udongo wa kaburi jipya una harufu tamu kidogo, na siku ile pale Ngenge ilichanganyika na ya kahawa iliyoanikwa uani huku mvua ikinukia. Babu alikuwa amelazwa sebuleni, kaburi lake likiwa wazi kibanjani katikati ya migomba, na sote tulikuwa tunangoja ndege. Baba mkubwa Mugisha, kifungua mimba wake, alikuwa amepiga simu asubuhi kutoka Dar es Salaam: "Ni saa mbili tu angani, nisubirini." Kilomita kama elfu moja kwa saa mbili! Ukoo mzima ukapiga hesabu kana kwamba ndege ingemshusha mgombani na mkoba wake. Hakuna aliyehesabu wingu jeusi juu ya ziwa, wala barabara ya Bukoba hadi Muleba, wala ile ya vumbi mpaka kwetu. Hata mimi, bingwa wa hesabu wa darasa la nne, nilikuwa nimeshamwandalia kiti.

Kwetu mtoto wa kwanza hushika mkuki wa baba yake kaburini kabla ya kufukia. Akikosekana, atakayeushika ndiye mwenye kibanja. Jua lilipoinama, baba mdogo Mujuni, ambaye rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeshampa ujasiri, akautwaa.

"Huyo hakupanda ndege," alisema. "Amepanda kitandani!"

"Weka chini mkuki wa Tata, wee mlevi!" akafoka shangazi Kemilembe, dada yake.

"Nimwekee nani? Hilo wingu?"

Baba mdogo akamzaba kofi. Shangazi aling'oa mti ulioegemeza mgomba akamtandika nao mdomoni, jino likarukia kwenye kahawa. Baba mdogo akamkamata nywele, akamburuza, akamsukumia kaburini. Nilisikia mfupa wa mkono ukialika kama kuni kavu. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi; mimi nyasi mwerevu nilikuwa tayari chini ya meza ya katekista.

Wanaume waliponyoosha mikono kumtoa, aliwang'ata. "Sitoki mpaka kaka afike! Mkitaka, mzikeni Tata juu yangu!" Baba mdogo, damu ikimchuruzika kidevuni, akashika koleo akaanza kumfukia kweli. Bonge moja likampasua paji la uso. Ndipo wajomba wakamwangusha yule bwana, wakamfunga kamba kama mbuzi wa sikukuu. Mvua ikashuka.

Baba mkubwa alifika kulipokucha, matope hadi magotini. Ndege yake ilikuwa imefika juu ya ziwa, ikashindwa kutua, ikageuzwa hadi Mwanza, naye akaja kwa barabara usiku kucha. Hakuuliza mkuki. Alishuka kaburini akambeba dada yake, akamlaza barazani, kisha akamfuata mdogo wake palepale alipofungwa na kumng'oa jino la pili kwa ngumi. Baada ya hapo akashika mkuki, tukamzika babu.

Leo naishi Nshambya, Bukoba mjini. Nikiwa jikoni naziona ndege zikishuka, na sijapanda hata moja; safari yangu ndefu ni ya sokoni. Wanangu wakibonyeza simu, umbali na muda wa safari hutoka kabla sijamaliza kuuliza. Siwabishii. Lakini kule Ngenge, akifa mtu, kaburi halichimbwi mpaka msafiri awe amekanyaga uani. Majembe na koleo zote hufungiwa stoo, na ufunguo anao shangazi Kemilembe, ameufumbata katika ule mkono usionyooka.