Turbo ya Mzee Chilumba na Foleni ya Sukari

Jamani, hili jambo nalisimulia kwa sababu wote waliokuwepo wameshalisimulia wao, na kila mmoja kaniongezea ujinga wake, basi afadhali mlisikie kwa mwenye aibu. Mie miaka ile ya Ujamaa nilikuwa fundi pancha Temeke, tena pancha za baiskeli, na nilikuwa nimempenda Zaituni, binti wa Mzee Chilumba wa Kinondoni, mzee wa kutoka Newala aliyekuwa akiwauzia watalii vinyago kule Kunduchi. Siku ya posa muoaji hutakiwi kuonekana, unakaa kwenu unatetemeka, wanakwenda wakubwa. Lakini mie nikajisemea, ah, nitasimama nje tu, nani ataniona? (Huo ndio uamuzi wenyewe, mengine yote yalijileta.)

Kumbe mle ndani shangazi yangu, Bi Mwanaidi, yuko kwenye kunisifia, na shangazi akianza kusifia hana breki. Badala ya kusema huyu anaziba pancha, akasema kijana wetu ni fundi wa magari, hakuna injini asiyoijua. Mara namwona Mzee Chilumba huyo anatoka, ananikuta nimejibanza nyuma ya gari lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Turbo unaijua?"

Nikasema naijua. Nilikuwa sijawahi hata kulisikia hilo neno! Nilidhani ni dawa ya kung'arishia bodi.

Gari lenyewe lilikuwa la dizeli, alilinunua kwa mtaalamu wa kigeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao, na mtaa mzima halikuwepo jingine la namna ile. Mzee akanieleza mwenyewe kwamba turbo ni kidude kinachoisukumia injini upepo ipate nguvu, ila ya kwake ina uvivu: ukikanyaga mafuta gari linatulia kwanza kama linatafakari, halafu ghafla linakumbuka safari.

"Mie nakanyaga mpaka chini kabisa," akasema, "naanza kuomba dua, nikifika amina linaondoka."

Nikafungua boneti, nikamwambia aunguruze. Nilipoinamisha sikio nikasikia fsss. Sauti hiyo hata uniamshe usingizini naijua, huo ni upepo unatoroka! Nikaomba sabuni (na sabuni wakati ule ilikuwa inafichwa kabatini pamoja na nguo za Idi), mama Zaituni akanikatia kipande kama ukucha, nikapaka povu kwenye ule mpira mnene unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye injini, mzee akakanyaga, na povu likachemka penye ufa. Nguvu yote ilikuwa inaishia hapo. Mfukoni nilikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakichana, nikakiviringisha juu ya ule ufa mpaka kikakaza, nikafunga na waya. Majirani wameshajaa, nami nimekunja mikono kama daktari aliyetoka kupasua mtu.

Ningenyamaza hapo ningekuwa mkwe siku ileile. Lakini mie nani? Nikasema, "Mzee, twende tukalijaribu, na shangazi apande aone."

Mzee akashika usukani, mie pembeni yake, shangazi nyuma na kanga zake za posa. Nikasahau kitu kimoja tu, kumwambia kwamba sasa asikanyage kama zamani. Akakanyaga mpaka chini, akafumba macho aanze dua, na neno la kwanza halikumtoka. Gari liliruka! Likaingia kwenye ua wa makuti wa jirani, likatokea upande wa pili limevaa makuti, shangazi anapiga yowe, na mbele yetu ndiyo foleni ya sukari ya duka la ushirika.

Namshukuru Mungu watu walikuwa kibarazani, kwa sababu siku zile foleni hukai mwenyewe, unaweka kitu chako, jiwe, kopo, kandambili, kipande cha tofali, halafu unakwenda zako kivulini. Gari likaifyeka foleni yote tangu mkiani mpaka kichwani, likazimika mlangoni kabisa mwa duka.

Balozi wa nyumba kumi, mtu mpole siku zote, akaja dirishani. Nikajua anakuja kutuuliza kama tumeumia.

"Mzee Chilumba," akasema kwa uchungu, "hata wewe unaruka foleni?"

Watu wakawaka. "Walanguzi hao!" Shangazi akatoa kichwa, makuti juu ya kilemba, akapaza sauti, "Sie hatukufuata sukari, tumekuja kuposa!" Hilo halikusaidia kitu.

Balozi akaniamuru niipange foleni upya, kila kitu mahali pake. Kila jiwe likawa na wenyewe watatu, na wote walikuwa wa kwanza. Mama mmoja na mzee mzima waligombea kandambili ya kushoto ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Na katikati ya vumbi nikamwona Zaituni, kopo lake limebondeka kama chapati mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwelikweli, tangu alfajiri, ili wageni wa posa wanywe chai.

Baba yake akamwambia fundi wa magari ndiye aliyeliponya gari. "Nani kasema wewe fundi wa magari?" Zaituni akaniuliza mbele yake.

"Shangazi."

Mzee Chilumba akanigeukia. "Kumbe kazi yako nini?"

"Pancha, mzee. Za baiskeli."

Akalitazama gari lake lenye makuti, akanitazama mie, akalitazama tena. "Lakini limeondoka bila dua," akasema, na nikaona anajizuia kucheka.

Zaituni waliishia kumsukumia mkiani, na sukari ikaisha kabla haijamfikia. Posa haikujibiwa siku ile. Mzee alisema kwanza nimjengee jirani ua wake, nikausuka huku mtaa mzima unanikosoa, na Zaituni kila akipita ananionyesha palipopinda. Nilipomaliza ndipo likaja jibu la ndiyo.

Tumezeeka pamoja sasa. Ila nimeapa: mtu akiniuliza kama najua jambo lolote, hata njia ya kwenda kwangu, namjibu sijui, na shangazi haruhusiwi kunisemea.