Teksi ya Gesi Iliyowanusuru Wagonjwa wa Swafia

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, Swafia Fuad amepiga goti nyuma ya teksi yake, kando ya kichochoro cha Kibokoni, Mji wa Kale. Anapaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba la gesi. Kama gesi inavuja, povu litavimba. Halivimbi. Anafunga buti na kumfungulia mlango Bi Nasiha, mgonjwa wa figo anayekwenda kusafishwa damu hospitalini.

"Umelala vyema, Bi Nasiha?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Twende."

Swafia, 43, hubeba wagonjwa watano wa figo, kila mmoja mara mbili kwa wiki. Mwaka jana petroli ilimlia shilingi elfu tatu kwa siku, na abiria wake hawakuwa na uwezo wa kuongeza nauli.

"Niliazimia kuwaambia watafute gari jingine," asema. "Nikafika mlangoni kwa Bi Nasiha, nikashindwa kutamka."

Fundi Karisa, mwenye karakana Makupa, alimshauri alibadilishe gari litumie gesi. Kikwazo kilikuwa mamake, Bi Fadhiya, ambaye aliungua mikono jikoni mtungi wa gesi ulipovuja.

"Wataka kubeba moto mgongoni?" alifoka. "Gari hilo mimi silipandi!"

Swafia alilibadilisha hata hivyo. Matumizi yakashuka hadi elfu moja na mia nane. Hofu haikushuka: kila alipopita tuta, alibana pumzi.

Wiki ya tatu, akiwa na Bi Nasiha karibu na Makupa, lori liliwagonga kwa nyuma. Buti ikabonyea. Watu wakapiga kelele, "Gesi! Gesi!" wakatawanyika.

Swafia akazima swichi ya gesi, akamshika Bi Nasiha kwapani, wakaenda mbali hatua kwa hatua. "Miguu yangu ilitaka kukimbia," akumbuka. "Yake haiwezi. Basi nikaenda mwendo wake."

Karisa alifika mbio, akakagua kila kiungo. Mtungi ulikuwa na mkwaruzo tu. Vali, kilango kinachozuia gesi, ilikuwa imejifunga yenyewe.

"Haijatoka hata pumzi," akamwambia. Swafia akaketi ukingoni mwa barabara, akalia mpaka akacheka.

Jioni hiyo Bi Fadhiya alisikiliza kisa chote. Siku ya pili alikwenda karakanani mwenyewe, akamuuliza Karisa maswali saa nzima. Ijumaa akajitanda buibui, akaketi kiti cha mbele.

"Nipeleke ufukweni Mama Ngina nikale mihogo," akasema. "Na uende polepole."

Sasa Swafia anadunduliza anunue gari la pili, lenye mlango mpana, nalo Karisa atalifungia mtambo wa gesi.

"Wapo wagonjwa wawili wa viti vya magurudumu walionipigia simu, nikawajibu gari langu dogo," asema. "Namba zao ninazo. Mara hii nataka niwapigie mimi."