Mwanangu Amejificha Nyuma ya Msamaha Wangu wa Ushuru

Admin, jina langu lifunike kabisa, kwa sababu ninayemwogopa anafuata huu ukurasa wako. Mimi ni mama wa miaka sitini na nane, mjane, nesi mstaafu. Naishi Makongeni, Thika, kwa nyumba niliyojenga na marehemu mzee wangu. Nina mtoto mmoja tu, na ana depo ya pombe huko Gatongora, Ruiru.

Sisi wazee wa pensheni tuna mtindo wetu. Wakati wa ku-file returns za ushuru ukifika, tunawapa watoto simu na namba ya siri, kisha tunaenda kupika chai. Mimi nilijigamba kanisani kwamba wangu hata hangoji kuombwa.

Mwaka juzi akaniambia, "Maitu, kwa umri wako pensheni haikatwi ushuru. Serikali haikugusi. Wacha depo iandikwe kwa jina lako tupumue." Nikacheka, nikaona kijana ana akili. Nilimkubalia nikiwa na sufuria mkononi.

Wiki iliyopita nikapigiwa simu na mama mmoja wa ofisi ya ushuru. "Shosho, hii depo ni yako?" Nikamwambia mimi nina pensheni tu, na hiyo haikatwi. "Pensheni ndiyo haikatwi, shosho. Biashara inakatwa hata ukiwa na miaka mia. Isipolipiwa, tunafuata mali ya mwenye jina." Mali yangu ni hii nyumba.

Nilimpigia mwanangu hapo hapo. Alikuwa mtulivu sana. "Usiongee na mtu. Jumatatu nitakupeleka ofisini kwao, utasema depo ni yako. Wewe ni mzee, watakuhurumia. Mimi watanifunga." Tangu siku hiyo ananiletea nyama na matunda, na kila jioni anapiga kuuliza kama kuna mtu amekuja. Hajawahi kunijali hivi, na moyo wangu unakataa.

Jana mke wake alikuja peke yake, akakataa hata kukaa. "Mum, kabla ya jina lako alitumia la baba yangu, hadi nyumba yake ikauzwa. Si mlishangaa kwa nini tulimtoa kwa nyumba ya kukodi Gitothua tukienda kumzika?" Woi! Nikakumbuka hayo mazishi. Mwanangu ndiye aliyelia kuliko wote.

Kesho ndiyo Jumatatu. Nikisema ukweli, nitamfunga mtoto wangu wa pekee kwa mdomo wangu. Nikidanganya, nitalala nje uzeeni. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini na huu mwingine, wa kusalitiwa na mwana, ninaujua sasa. Nyinyi mnaosoma, mngekuwa mimi, mngemwambia nini huyo mama wa ushuru? Nijibuni haraka. Sasa hivi ametuma ujumbe kwamba hatangoja kesho, anakuja kulala hapa. Anasema amesikia jana nilikuwa na mgeni.