Kiingereza Gotini

Tulikuwa wanne uani, tunamenya karanga: mimi; wifi yangu, yaani dada wa marehemu mume wangu; mjukuu wangu, binti wa kitindamimba wangu, anayesomea ualimu chuoni kule Chimwaga; na mpangaji wetu, binti wa Kondoa anayesoma naye. Majina yao nayakumbuka yote, hata ya baba zao, ila hapa nayaacha.

Kesho yake mjukuu wangu alitakiwa asome Kiingereza kwa sauti mbele ya mkufunzi. Alishashindwa mara moja. Akishindwa tena, anarudia mwaka. Basi akawa anatusomea, na kila akifika kwenye “photographer”, yaani mpiga picha, mpangaji anamkatisha.

“Mkazo umeuweka kwenye ‘gra’, kama Kiswahili. Uweke kwenye ‘to’.”

“Mbona kwenye ‘photograph’ uko mwanzoni?”

“Ukiongeza mkia, unahama.”

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini pigo likihama nalijua. Kwetu Ugogo wapiga ngoma ni sisi wanawake. Nikaingia ndani, nikatoka na ngoma, nikaibana mapajani.

“Haya! Nani anaolewa mchana huu?” wifi akauliza.

“Kiingereza, wifi. Lete vigelegele.”

Nikamwambia mpangaji alikate neno vipande. Vikatoka vinne. Nikapiga: dogo, kubwa, dogo, dogo. Mjukuu akasema, akakosea. Sasa, anayejifunza ngoma hatumpi maelezo mengi. Tunampigia gotini mpaka mwili ushike. Nikamvuta mjukuu karibu.

“Lete goti, mke mwenzangu,” nikamtania.

“Bibi, unaniumiza!”

“Kurudia mwaka ndiko kunaumiza.”

Mara ya tano likatoka safi. Mpangaji akaleta jingine, “unhappiness”, kukosa furaha. Akasema ndani yake kuna “happy”, mwenye furaha. Mbele wamebandika kipande cha kukanusha, nyuma wamefunga mkia.

“Kama mkulima,” nikasema, “ndani yake kuna lima.”

“Hasa, bibi!”

Mjukuu akajigonga goti mwenyewe: dogo, kubwa, dogo, dogo. Akaruka. “Bibi, ni ngoma ileile!”

Kesho yake alirudi anacheka tangu njiani. Kafaulu. Mkufunzi kamuuliza, “Mbona unajipigapiga goti?” Naye kajibu, “Samahani mwalimu, ni ngoma ya bibi hiyo.”

Tangu hapo wifi anatangaza kwamba goti lilikuwa wazo lake, na ngoma ilikuwa yake. Mimi nakumbuka ilikuwa yangu, ile yenye kiraka cha ngozi ya mbuzi. Mpangaji, wewe ulikuwepo. Ukisoma hapa, kama nimekosea, nisahihishe. Ila usianze kwa kumuuliza wifi.