Besi wa Royce

"Kabla jua la Jumamosi halijazama nitamtoa yule samaki wa Royce, na kila aliyemcheka mume wangu atafumba domo lake!"

Verlene Tatum aliyasema hayo kwenye kipaza sauti cha kanisa, siku ya karamu ya samaki wa kukaanga. Watu walikuwa wakingoja tangazo la kwaya.

Royce alikufa Februari. Kwa miaka tisa alisimulia habari za samaki mmoja aina ya besi, jicho la kushoto jeupe kama maziwa, aliyemponyoka kwenye bwawa la kaka yake, Dewey. Ratili kumi, alisema. Kaunti nzima ilimcheka. Huku Alabama samaki aliyeponyoka hunenepa kila mwaka bila kula. Sasa Dewey alikuwa ameuza shamba, na Jumatatu tingatinga lingefukia bwawa. Likifukiwa, Royce angebaki mwongo hadi kiama.

Jumamosi Verlene, dereva wa basi la shule, alifika na fimbo yake ya kuvulia na chambo chake, chura wa plastiki mwenye ndoana mbili mgongoni. Dewey alifika na kiti na mizani.

"Shemeji, mizani hii inaanzia ratili moja. Sijui kama itamwona."

"Kaa huko, Dewey. Hata kivuli chako kina kelele."

Joto la Julai lilikuwa limeziba bwawa kwa magugu, hata kuku angevuka bila kulowa. Hapo ndipo chura huburutwa, juu ya majani, pole pole. Besi akimrukia, usivute. Mwache kwanza afumbe mdomo. Wanaume wetu wanaijua kanuni hiyo kama Baba Yetu, na maji yakilipuka wanaisahau. Royce mwenyewe ndivyo alivyompoteza.

Saa tano asubuhi maji yalilipuka. Verlene akavuta. Chura akaruka hewani na kutua kofiani mwake.

"Kama Royce tu! Ukoo mmoja!" Dewey alicheka hadi kiti kikakunja miguu.

Verlene alimnyoa chura magugu, akakaa chini ya mti kungoja kivuli kifike ukingoni. Saa kumi jioni akarusha tena. Majani yakatikisika. Kisha bwawa likapasuka, chura akatoweka, na Verlene akatamka taratibu jina zima la mumewe: "Royce. Lamar. Tatum." Ndipo akavuta.

Fimbo ikapinda. Kilichokuja kilikuwa rundo la magugu kubwa kama godoro, na ndani yake kitu hai. Dewey akaingia majini na viatu vyake vya kanisani, akalikumbatia rundo, akalipasua.

Mdomo wa besi yule ungemeza ngumi. Ubavu wa kijani ulikuwa na mstari mweusi kama uliochorwa kwa mkaa, na matamvua yakifunguka na kufumba pole pole, kama mtu mkubwa asiyeharakishwa. Jicho la kushoto, maziwa matupu.

Mizani ilisema ratili kumi na moja na nusu.

Dewey akavua kofia. "Alisema kumi," alinong'ona. "Verlene, alipunguza. Mvuvi gani hupunguza?"

"Yule niliyeolewa naye."

Walimpakia kwenye boksi la maji, wakampeleka bwawa la jirani yao Haskew, Dewey amepiga magoti nyuma ya gari akimshika kichwa njia nzima. Pale ukingoni Dewey alimwachia mwenyewe, taratibu, na maji yakafunga.

Anayebisha aende akajaribu kumvua. Kwa Haskew, kuvua siku nzima ni dola kumi na tano.