Malka ya Mgiriama

Mama yangu alifariki Jumatatu, na kufikia Jumatano mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshaniambia nimpeleke akazikwe kwao. Kwao wapi, nikamuuliza. Akasema kusini, Kilifi, mlikotoka. Mama alikuwa ameishi kando ya Mto Tana, nje kidogo ya Garsen, miaka arobaini. Kilifi hakuwa amebakiwa hata na mtu wa kumfungulia mlango.

Sikumjibu kwa adabu, na sitajifanya nilimjibu kwa adabu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa. Watoto wake wawili niliwashika mkono nikawafundisha kuandika herufi, na wakati huo hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Lakini mwenyekiti si mtu mbaya. Ni mtu mwenye hofu. Wapima ardhi walikuwa wanatarajiwa siku yoyote kuja kuandika shamba lipi ni la nani, na yeye alishapiga picha ya mambo yote kichwani mwake.

"Mwalimu, elewa," aliniambia. "Mgeni akizikwa hapa, kesho wajukuu watasema hapa ndipo kwa bibi yao. Kaburi moja tu, na shamba limekwenda."

Mgeni! Katika vitabu vya hadithi ninavyowasomea watoto darasani, zimwi hutoka ng'ambo ya mto kila mara. Sijapata kusoma hata hadithi moja ambayo zimwi ni mtoto wa jirani. Mama naye alitusimulia hizo hizo tulipokuwa wadogo, ila mazimwi yake yalishika fimbo ndefu na kuswaga ng'ombe, kwa sababu hao ndio aliowaogopa tulipohamia hapa: wafugaji wa Kiorma. Alikuwa akiliona vumbi lao kwa mbali anatuita ndani sote.

Tulipofika, baba na mama walitafuta pa kulima, wakaona maajabu. Katikati ya vichaka palikuwa na ukanda mpana wa ardhi, hauna mti wala kisiki, umejaa samadi kana kwamba mtu ameimwaga kwa toroli, na unashuka moja kwa moja hadi mtoni. Kwetu kusini, sisi Wagiriama, shamba ni la aliyefyeka, na hapa palikuwa pamefyekwa na hapakuwa na mtu. Wakamshukuru Mungu wakapanda mahindi. Ni watu wa kwetu tu wangeweza kufanya kosa kama lile. Mtoto yeyote wa Tana angewaambia kwamba ile ilikuwa malka, njia ya mifugo kwenda kunywa maji, na kwamba samadi ile haikushuka kutoka mbinguni.

Mahindi yalikuwa yametoa ndevu kiangazi kilipokaza na ng'ombe wakaja. Walikuwa wengi, wana kiu, wanaunusa mto, na mbele yao palikuwa na shamba letu. Wafugaji walisimama na fimbo zao. Baba alisimama na panga lake. Nilikuwa na miaka saba, nimejibanza nyuma ya pipa la maji, nikijua kwamba leo baba yangu anauawa au anaua.

Mama alimnyang'anya baba lile panga. Akawaangalia ng'ombe, akaangalia mto, akaelewa. Kisha akainama akaanza kufyeka mahindi yake mwenyewe, mstari baada ya mstari, upana mzima wa njia, huku akilia kwa sauti na kuwatukana wote waliokuwapo, baba akiwa wa kwanza. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyethubutu kumsogelea. Alipofika mwisho alijitupa pembeni, na ng'ombe wakapita wakila mabua.

Kesho yake mwanamke wa Kiorma alituletea kibuyu cha maziwa. Yeye na mama hawakuwa na lugha ya kuelewana, wakakaa tu. Mvua ziliponyesha, mama alipanda ua wa minyaa pande zote mbili za malka ili mtu mwingine yeyote atakayekuja asikosee kama sisi. Akaupogoa ua ule mpaka mwaka huu, mgongo ukiwa umeshapinda. Mazimwi ya fimbo hatukusimuliwa tena.

Kwa hiyo nilidai kikao cha kijiji. Kikafanyika Ijumaa asubuhi katika darasa langu, wanaume wazima wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, jambo ambalo nakiri lilinifurahisha. Walizungumza kwa zamu. Wengine walimsifu marehemu, kisha wakasema hata hivyo utaratibu ni utaratibu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, nikimuwaza mama kwenye gari la kukodi anarudishwa mahali asipojulikana.

Ndipo yule mwanamke wa maziwa akaingia. Sasa ni mzee, na bado anauza maziwa Garsen. Hakuwa amealikwa. Aliweka dumu lake mlangoni akamtazama mwenyekiti.

"Mwenyekiti, mimi nauliza. Ng'ombe yako leo imekunywa maji wapi?"

"Mtoni, mama."

"Imepita wapi?"

"Imepita malkani."

"Malka iko mingi. Malka gani?"

Mwenyekiti akakohoa. Kila malka hapa ina jina lake, na hata mtoto mchanga analijua jina la ile ya kwetu. "Malka ya Mgiriama," akasema.

"Haya. Kama Mgiriama ni mgeni anaenda Kilifi, aende na malka yake. Halafu wewe tafuta maji kwingine."

Darasa zima lilicheka, na mwenyekiti mwishowe akacheka nalo, ingawa hakutaka. Nikamwambia kaburi litakuwa ndani ya shamba letu, nje ya ua wa minyaa, na malka haitaguswa hata kwa upana wa kwato. Mpaka huo mama aliupanda mwenyewe, nikasema, na hakuna mpima ardhi atakayeuchora vizuri kuliko yeye. Nilisema hivyo kichwa kikiwa juu. Sijawahi kujivuna vile maishani, na sijutii.

Tulimzika Jumamosi. Kutoka nyumbani hadi kaburini ni lazima uikate malka, na tulipofika na jeneza, ng'ombe walikuwa wanashuka. Kundi lilikuwa refu. Kijana mmoja wa kwetu akaokota kijiti ili awazuie, maana maiti hacheleweshwi njiani.

"Acha," alisema mwenyekiti. Alikuwa amebeba pembe ya mbele kulia, shati limelowa jasho. "Wapite kwanza. Mwenyewe asingekubali wazuiwe."

Basi tukasimama nyuma ya minyaa ya mama, jeneza mabegani, mpaka ng'ombe wa mwisho alipofika majini. Lilikuwa zito, na hakuna aliyeomba kulitua.